Ikawaje?

 Kama uko jikoni unageuza chapati, pole na kazi. Kama uko ndani ya daladala umebanwa dirishani, pole na safari. Na kama uko kibarazani na kikombe chako cha kahawa, nisogezee na mimi kigoda. Tuna dakika chache za kuzungumza, na leo nataka tuzungumze kuhusu neno moja tu. Neno lenyewe ni hili: ikawaje?

Unalikumbuka neno hilo? Bibi akisimulia hadithi, akafika pale sungura ameshachomoka na fisi amebaki mtegoni, halafu ananyamaza makusudi, anasukuma kuni motoni kama vile amemaliza. Sisi wajukuu hatukukubali. Tulimrukia kwa pamoja: ikawaje, bibi? Na hatukulala mpaka tujue ikawaje.

Sasa swali langu la leo: neno hili limekwenda wapi? Maana siku hizi habari zinatufikia kwa kasi ambayo bibi asingeiamini. Jambo linatokea, na kabla vumbi halijatua limeshafika kiganjani mwako. Lakini nikitazama vizuri, nikianza na mimi mwenyewe, naona tumekuwa watu wa kujua mwanzo wa kila jambo na kutojua mwisho wa lolote. Nitalirudia hili mara kadhaa jioni ya leo, unisamehe: tunajua mwanzo wa kila jambo, mwisho wa lolote hatuujui.

Nianze na kisa cha mtaani kwetu.

Ilikuwa usiku, saa tatu hivi. Nimeketi sebuleni, simu ikaita. Ni binamu yangu anayeishi Muscat, kule Omani. Hata salamu hakunipa. "Wewe, kwenu kunaungua!" Nikamjibu, hapana, kwetu shwari. "Shwari gani? Mimi naangalia laivu hapa! Nauona msikiti wenu, nauona ule mnazi uliopinda. Hebu toka nje!" Nikatoka. Kweli bwana, nyumba ya tatu kutoka kwangu, fremu za maduka zinawaka. Mtu aliye ng'ambo ya bahari ameuona moto kabla yangu mimi, ambaye moshi wake ulikuwa unaniingilia dirishani nikadhani jirani anachoma taka.

Nilipofika pale nilikuta watu kama arobaini. Ndoo niliziona tatu. Simu sikuweza kuzihesabu. Mikono yote iko juu, vioo vinang'aa. Nikauliza, jamani, nani amepiga 114, Zimamoto? Wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga. Na mimi nisijitoe, ndugu msikilizaji: mkono mmoja nilishika ndoo, wa pili nilishika simu, na simu yenyewe ilikuwa inarekodi.

Basi, moto ukazimwa kwa mchanga na maji ya kisima, kisha gari la Zimamoto likafika kumalizia. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini ilipofika saa tano usiku, kwenye grupu la mtaa sababu ya moto ilikuwa imeshajulikana. "Ni yule fundi umeme." Kuna kijana mmoja alifunga nyaya katika fremu mojawapo mchana wa siku ile. Nani alisema ni yeye? Hakuna aliyejua. Ila ujumbe uliandikwa kwa uhakika mkubwa, na picha yake iliwekwa, imechukuliwa kwenye stetasi yake mwenyewe, anacheka. Picha ya mtu anayecheka, chini yake picha ya maduka yanaungua. Hebu ona inavyosomeka.

Na mimi niliusambaza. Ndiyo, mimi huyu unayenisikiliza. Niliutuma kwenye grupu la ukoo, nikamtumia na binamu yangu Muscat, nikaongeza maneno yangu mwenyewe: "Mafundi wa kubahatisha hawa."

Siku kama kumi baadaye, waliochunguza wakamaliza kazi yao. Ulikuwa mpira wa mtungi wa gesi, umechakaa, katika kibanda cha chipsi. Nyaya za yule kijana hazikuwa na kosa lolote. Nikaandika hivyo kwenye grupu la mtaa. Unajua nilijibiwa nini? Mmoja aliweka dole gumba. Mmoja akaandika, "asante kwa taarifa." Wa tatu akaweka orodha ya michango ya harusi, na grupu likaendelea na harusi. Lawama ilifika Muscat kwa nusu saa. Ukweli haukuvuka hata uchochoro wetu. Na kijana mwenyewe alikuwa ameshahama.

Kiweke kisa hiki pembeni. Tutakirudia kabla hatujaagana.

Sasa tutoke mtaani twende ziwani. Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekua na harufu ya sangara puani. Nataka tulitazame Ziwa Victoria mara mbili: mwaka 1996 na mwaka 2022. Ziwa ni lile lile na msiba ni msiba, lakini tazama habari zilivyosafiri.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa imebakiza mwendo mdogo tu kufika. Nilikuwa mtoto wa shule. Simu ya mkononi nyumbani kwetu hakuna, na aliyekuwa nayo hatukumjua. Habari tulizipata kwa njia mbili: minong'ono iliyopanda kutoka bandarini, na redio. Radio Tanzania Dar es Salaam. Baba alikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka alizianika juani zipate nguvu kidogo. Siku ile aliitoa redio akaiweka dirishani, majirani wakajaa uani. Zikapigwa zile ngoma za taarifa ya habari, na ua mzima ukanyamaza. Hata mama aliyekuwa anapeta mchele aliushusha ungo.

Habari zilikuja kwa matone. Tone mchana, tone jioni, tone saa mbili usiku. Katikati ya matone kulikuwa na kungoja, na kungoja kule kulikuwa mateso. Kuna watu walikesha Bukoba wakijua tu kwamba ndugu yao alipanda meli. Mtu anielewe vizuri hapa: sisemi enzi zile zirudi. Na yapo mambo mengi ambayo sisi watoto wa Mwanza tuliyasikia kwanza midomoni mwa watu kabla ya kuyasikia rasmi: kwamba meli ilijaza watu kupita uwezo wake, kwamba ilipokuwa bado inaelea kifudifudi ilitobolewa ili watu watolewe, na hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama.

Lakini sikiliza. Habari ile ilikuja polepole, na ilipofika ilikaa. Taifa likaomboleza. Ikaundwa tume ya uchunguzi. Ikafunguliwa kesi mahakamani. Baba yangu alifuatilia kila hatua, akikata vipande vya magazeti na kuviweka ndani ya Biblia yake, na ukifungua Zaburi unakutana na meli. Hadi leo, ikifika 21 Mei, watu huenda Igoma, yaliko makaburi na mnara wa kumbukumbu. Mwulize mtu mzima yeyote wa Mwanza: MV Bukoba, ikawaje? Atakueleza mpaka chai ipoe.

Haya, twende mwaka 2022. Tarehe 6 Novemba, Jumapili, saa tatu kasoro asubuhi. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, ikitoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Safari hii sikungoja ngoma za redio. Kabla sijamaliza kuvaa viatu vya kwendea ibadani, nilikuwa nimeuona mkia wa ndege umechomoza juu ya maji, kwenye simu. Niliwaona wavuvi na mitumbwi yao. Niliwaona watu wamesimama majini na kamba mikononi, wakivuta. Hapakuwa na mtangazaji wala mhariri. Ufukwe wenyewe ulikuwa unatangaza.

Na hapa tutende haki, maana jambo hili lina heri yake. Kwa sababu ya zile simu za ufukweni, nchi nzima ilimjua mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyeikimbilia ndege na kasia lake mkononi. Katika enzi za matone, mtu kama yule angeishia kuwa sehemu ya sentensi moja: "wananchi walijitokeza kusaidia." Safari hii jina lake lilifika Ikulu, na Rais akaagiza apewe kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hiyo ni heri, na sitaidharau.

Ila kasi ile ile ilikuwa na upande wake wa pili. Asubuhi tulisoma kwamba waliookolewa ni 26. Baadaye ikathibitika ni 24, na waliofariki ni 19. Kwa wewe na mimi tuliokuwa mbali, tofauti ya wawili ni tarakimu ya kusahihisha. Hebu jiweke mahali pa mtu mwenye ndugu ndani ya ndege ile, anayehesabu na kuhesabu tena kwa vidole, akitafuta nafasi ya mtu wake katika ile 26.

Kisha ukaja mjadala. Nani hasa alifungua mlango wa ndege? Ni mvuvi? Ni mhudumu wa ndani? Ni abiria? Siku kadhaa mtandao ulikuwa mlango mtupu. Wengine wakamtetea kijana, wengine wakamshushua, wengine wakatengeneza vichekesho. Na wakati sisi tunabishana juu ya mlango, kabla hata mwezi ule haujaisha, ripoti ya awali ya uchunguzi ilitoka. Ndani yake mlikuwa na jambo zito kuliko mlango: udhaifu wa maandalizi ya uokoaji. Yaani, ndege ikianguka majini karibu kabisa na uwanja wa ndege, nani anakuja? Na chombo gani? Na baada ya muda gani?

Sasa nikuulize, ndugu msikilizaji, na ujijibu mwenyewe hapo ulipo: ripoti ile uliisoma? Au ulisomewa? Mkia wa ndege tuliuona sote. Mlango tuliujadili sote. Boti ya uokoaji ilipata wasemaji wangapi? Na leo ukisimama Bukoba mjini ukauliza, "zile boti na wale wapiga mbizi, ikawaje?", nani atakujibu bila kukuna kichwa?

Narudia, kama nilivyokuahidi. Habari ya 1996 ilichelewa kufika ikachelewa kuondoka. Habari ya 2022 iliwahi kufika ikawahi kuondoka. Msiba wa ziwani hautupi somo siku ya kwanza, siku ya kwanza unatupa machozi. Somo huja na ripoti, na ripoti ikifika inatukuta tumeshahamia kwenye jambo jingine.

Kwa nini inakuwa hivyo? Je, sisi ni watu wabaya kuliko baba zetu? Sidhani. Tuangalie chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Kampuni zinazomiliki mitandao hii hazikuuzii habari. Unaingia bure, au tuseme unalipia bando tu. Zinachouza ni macho yako, na mnunuzi ni mwenye tangazo la biashara. Kadiri unavyokaa ndani, ndivyo zinavyopata. Kwa hiyo programu inakusoma: kidole chako kimesimama wapi, umetazama nini mara mbili, umekasirishwa na nini ukaandika. Kisha inakuletea zaidi ya hicho. Sasa, ndugu yangu, kidole kinasimama wapi? Kinasimama penye moto, penye kelele, penye mtu anayelia. Mwanzo wa jambo una moto. Mwisho wa jambo una kurasa sitini za maandishi madogo, na kidole hakisimami hapo.

Na kuna jingine. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu habari zilizosambaa Twitter, mtandao ambao leo unaitwa X, kwa zaidi ya miaka kumi. Walikuta uongo unakimbia kuliko ukweli. Ukweli ulichukua muda kama mara sita ya ule wa uongo kuwafikia watu 1,500. Unaweza kudhani ni mashine zinazosambaza. Wao walikuta hapana, ni watu. Watu kama mimi, wenye ndoo mkono mmoja. Uongo una upya na mshangao, na mshangao unatutoka mikononi kama sabuni.

Wahenga walishasema njia ya mwongo ni fupi. Ni fupi kweli, maana mwishowe hukamatwa. Lakini katika ufupi wake huo, siku hizi anaweza kufika Muscat.

Usidhani nawasema watu wa mitandao peke yao. Na sisi redioni tumeambukizwa. Zamani mtu akiingia studio aliuliza: "tuna nini leo?" Siku hizi anauliza: "mtandaoni kuna nini?" Tunasoma kinachotrendi, tunakisoma tena saa inayofuata, na kesho kikishuka na sisi tunakiacha. Msikilizaji anatupigia kuuliza, "ile kesi mliyoitangaza mwezi wa tatu, ikawaje?", na sisi tunamwahidi kufuatilia, tunapiga muziki. Nasema "sisi" kwa makusudi.

Sasa usije ukazima redio ukasema, kumbe dawa ni kutupa simu. Sikiliza mifano miwili ya jirani zetu Kenya, inayoonyesha kwamba kasi na kumbukumbu zinaweza kukaa nyumba moja.

Wa kwanza ni wa zamani kidogo. Tarehe 30 Desemba 2007, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoanza, serikali ilisimamisha matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Minong'ono ikajaza pengo, kama kawaida yake. Ndani ya siku chache Wakenya wachache, akiwemo mwanasheria Ory Okolloh, wakabuni jukwaa la intaneti. Mtu aliyeona jambo alituma ujumbe mfupi wa simu au aliandika mtandaoni, na jambo lile likawekwa kwenye ramani: hapa, siku hii, limetokea hili. Jukwaa lile baadaye lilitumika hata Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la 2010. Na waliliitaje? Waliliita Ushahidi. Lionje neno hilo ulimini. Habari unaweza kuipokea na kuiacha ipite. Ushahidi unatunzwa, maana siku moja utaulizwa.

Mfano wa pili ni wa juzi tu, mwaka 2024. Muswada wa Fedha ulipopelekwa bungeni Nairobi, vijana hawakuishia kupiga kelele. Walikaa kwenye TikTok na X wakaufasiri kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, ili hata mama muuza mboga ajue kodi ya mkate ingemgusaje. Hapo kuna jambo la kutazama: kwenye kurasa zile zile za maandishi madogo, ambako nimesema kidole hakisimami, kidole kilisimama. Tarehe 25 Juni waliingia katika majengo ya Bunge, na damu ilimwagika. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza kwamba hatausaini muswada. Kama lingekuwa jambo la mtandao tu, lingeishia hapo. Lakini waliandika majina ya waliouawa, wakayarudia, na ilipofika 25 Juni 2025 walirudi barabarani kuuliza. Kuuliza nini? Kuuliza ikawaje. Na siku hiyo nayo watu walikufa. Kukumbuka kuna gharama, ndugu msikilizaji, na siwezi kukuficha.

Kwa hiyo simu inaweza kusahau nawe, na inaweza kukumbuka nawe. Inategemea imeshikwa na nani na anatafuta nini.

Basi tufanye nini, wewe na mimi, kuanzia usiku wa leo? Nina mambo matatu, hesabu kwa vidole.

La kwanza: liache lilale. Ujumbe wa kushtua ukikufikia, usiufukuze mlangoni kabla haujakaa chini. Jiulize, aliyeandika alikuwepo? Anaitwa nani? Mwaka 2020 WhatsApp waliweka kizuizi kidogo sana: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi, ule wenye mishale miwili, unautuma kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa wakati. Kampuni yenyewe ikasema usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hawakumfungia mtu, hawakumfunga mtu. Walichelewesha kidole tu. Sasa kama mashine inaweza kukuchelewesha sekunde chache ikaleta heri yote hiyo, wewe mwenyewe ukijichelewesha usiku mmoja, je?

La pili: ukikosea, rudi kwa miguu ile ile. Kama uongo uliupeleka kwenye magrupu manne, masahihisho nayo yapeleke kwenye magrupu manne. Mimi sikufanya hivyo. Niliandika kwenye grupu la mtaa tu, nikajiona mwungwana. Grupu la ukoo sikuliambia. Binamu yangu sikumwambia. Hadi hivi karibuni, nikizungumza naye, aliniuliza, "yule fundi wenu aliyechoma maduka, alifungwa?" Nilitamani kuikata simu.

La tatu, na ndilo kubwa: chagua jambo moja. Moja tu. Huwezi kufuatilia kila kitu, na anayekuambia ufuatilie kila kitu anataka usifuatilie chochote. Chagua jambo moja la mtaani kwako au la nchi yako. Inaweza kuwa daraja lililoahidiwa, kisima cha kijiji, kesi fulani, au ripoti ya ajali. Liandike kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye picha ya mbuga. Kila mwisho wa mwezi uliza: ikawaje? Mwulize mwenyekiti wa mtaa. Mwulize diwani. Tuulize sisi redioni, na tukijibu kwa muziki, piga tena.

Nayarudia kwa aliyekuwa anageuza chapati: liache lilale, rudi kwa miguu ile ile, chagua jambo moja. Na sisi wa kipindi hiki tunaanza na la kwetu. Kuanzia wiki ijayo, kabla ya jambo jipya lolote, tutatumia dakika tano kurudi kwenye jambo moja tulilowahi kulitangaza tukaliacha njiani. Tutaanza na mambo ya uokoaji majini, kwa sababu ziwa liko pale pale na vyombo vinapita kila siku.

Sasa nimalizie kile kisa, maana nisipokimalizia nitakuwa nimewahubiria bure.

Yule fundi umeme nilikutana naye. Ni mtaa mwingine kabisa, mbali na kwetu. Nimeingia dukani kununua taa, namkuta juu ya ngazi, anafunga swichi, bisibisi mdomoni. Alinitambua kabla sijamtambua. Nikamsubiri ashuke. Nikamsalimia, nikamwambia, ndugu yangu, nimekutafuta nikuombe radhi. Ule moto ulikuwa mpira wa gesi. Sisi tumeshajua kwamba hukuwa wewe.

Akafuta mikono kwenye suruali, taratibu. Akaniambia, "Kaka, mimi nilijua tangu usiku ule ule. Nyaya nilizifunga mwenyewe. Mliochelewa kujua ni nyie."

Kisha akaniuliza, bila hasira hata kidogo: "Na wale wengine uliowatumia, wameshajua?"

Nikaenda nje ya duka, nikampigia binamu yangu Muscat.